Madamu na Mlango wa Kutokea

Kwa Madamu, kuingia sinema kulikuwa bure. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi.

Uliweza kuingia na buti zenye tope, ukaingia na mtoto mgongoni, ukaingia hata na kuku uliyetoka kumnunua sokoni, na hakuna aliyekuuliza neno. Lakini filamu ilipokwisha na mablanketi yakatolewa madirishani, Madamu alikuwa amekwisha kuhamisha kiti chake mpaka mlangoni. Ukumbi wa parokia ulikuwa na mlango mmoja tu, tena mwembamba. Alikaa katikati yake, magoti yakiziba njia, na kila mtu alipaswa kujibu swali moja juu ya filamu aliyoitazama. Ukijibu vizuri alivuta magoti, ukapita. Ukikosea ulirudi ndani kufagia na kupanga mabenchi, na filamu hiyo ulitakiwa kuirudia Jumapili nyingine. Kwetu Masisi, milimani Kongo, mwanafunzi anayerudia darasa tunasema amedubula. Basi kwa Madamu watu wazima wenye ndevu, wenye ng'ombe na wajukuu, walidubula filamu.

Alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kupumzishwa, na nadhani hakuna aliyemweleza vizuri kwamba amepumzishwa. Padri mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia diski sita ndani ya kopo la biskuti na projekta ya kuonyeshea. Mtu mwingine angeonyesha filamu hizo, watu wakacheka, wakaenda kula maharagwe yao. Yeye alizitazama zote, akazipanga kuanzia nyepesi hadi ngumu, akaziita filamu ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, kama madarasa ya shule ya msingi. Zote zilikuwa za zamani sana, nyeusi na nyeupe, za Kifaransa. Saa nane mchana alionyesha moja ya zile tatu za chini, kufuatana na waliokuwa wanaihitaji. Saa kumi alionyesha moja ya zile tatu za juu. Hukuweza kuruka. Aliyejaribu kuingia saa kumi kabla ya kumaliza ya tatu alikamatwa sikio, hata kama sikio lenyewe lilikuwa la karani wa serikali.

Nisikufiche: mimi niliishia ya tatu. Filamu ya nne, ya tano na ya sita sijaziona mpaka leo, kwa hiyo nikikusimulia habari zake nitakuwa nakudanganya. Najua tu kwamba watu walicheka sana ndani ya ile ya tano, maana nilikuwa nje ukutani na ufagio mkononi.

Ya kwanza tuliiita filamu ya farasi. Watu wenye kofia kubwa wanaswaga kundi la ng'ombe kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, na njiani wanagombana. Madamu alidhani ni nyepesi, akaiweka ya kwanza. Hakujua kwamba amewapa watu wa Masisi filamu ya ng'ombe. Mabenchi yote yalijaa wachungaji, na hakuna hata mmoja aliyejali nani amempiga nani risasi. Walitazama ng'ombe. Huyu anachechemea, yule ana mimba, wale watatu wa nyuma wana kupe. Katikati ya filamu mzee mmoja akasimama, akaomba ruhusa ya kusema, akauliza kwa heshima kabisa: ni siku ya nne sasa watu hawa wako njiani na ng'ombe wote hao, na hajaona mtu hata mmoja aliyekama. Wanakunywa nini?

Madamu alisimamisha filamu. Alifikiri. Alisema kwamba ni swali zuri na kwamba miaka yote hajaliona. Tangu siku ile, mkubwa wa wale wapanda farasi alipewa alama mbaya kwenye buletini.

Kwa maana Madamu aliwaandikia watu wa filamu buletini, kama zile wanazopewa watoto mwisho wa muhula, akazibandika mlangoni. Tulizisoma tukiwa tunangoja kuingia. Mkubwa wa farasi: "Nguvu, muzuri. Adabu, wastani. Maziwa, sifuri." Mkuu wa stesheni katika filamu ya pili, ile ya treni inayochelewa filamu nzima: "Anachelewa kila siku. Wazazi wake waje." Wengine tulijiuliza wazazi wa mtu mweupe aliyepigwa picha zamani hizo wangefikaje Masisi, lakini hakuna aliyethubutu kumwuliza mwenyewe.

Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la kuandikia waliohudhuria. Mambo mabaya yalipokaribia kwenye filamu, alisimama akaliweka mbele ya taa ya projekta, na shuka jeupe la ukutani tulilotazamia filamu likawa jeusi mpaka mabaya yapite. Wageni walidhani anaficha mabusu. Mabusu aliyaacha yote. Paroko alipomlalamikia, alimjibu kwamba hayo ni mambo ya watu wazima na asiyeyataka afunge macho. Alichoficha ni adabu mbovu: kijana anamsalimia mzee bila kuvua kofia, mtoto anamjibu baba yake mikono ikiwa mfukoni, mtu anampa mwenzake mkate kwa mkono wa kushoto. Katika filamu ya pili kuna mwanamume anayemkatiza mama mkwe wake maneno. Daftari lilikaa juu muda mrefu sana pale, na mpaka leo sijui ugomvi ule uliishaje.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe na hakuona aibu. Alikataza kunong'ona, halafu yeye akaongea filamu nzima, akitutafsiria na kuwakaripia waliomo. Alituambia kwamba anayelala sinema ni sawa na anayelala kanisani, na kabla treni haijafika stesheni ya kwanza alikuwa anakoroma. Lakini ukitafuna karanga alifumbua jicho moja. Saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama zamani, na kila Jumapili, siku ya Mungu kama alivyoiita, sisi ndio tuliochelewa. Alisema hajawahi kulia kwa ajili ya filamu. Alisema ni moshi. Ndani ya ukumbi ule hapajawahi kuwashwa moto.

Nilimpenda zaidi siku za mvua. Mvua ya kwetu ikipiga bati husikii hata mawazo yako. Basi alisimama kando ya shuka akapiga kelele maneno yote ya filamu kwa Kiswahili, sauti zote, za wanaume na za wanawake, na treni pia. Treni aliifanya vizuri kuliko treni yenyewe. Siku moja betri ya sola ilikufa katikati ya filamu, shuka likazima, na yeye akaendelea peke yake mbele ya shuka tupu mpaka mwisho. Hakuna aliyetoka, na sitasema ni mapenzi ya sinema tu. Swali la mlangoni lilibaki palepale.

Mambo haya yalianza kama mchezo, na kama unavyowajua watu wa milimani, mchezo ukawa heshima. Watu walianza kujulikana kwa filamu zao. Ukipanda pikipiki kwenda sokoni, dereva alikuuliza uko ya ngapi kabla ya kukuuliza unakwenda wapi. Kwenye uchaguzi wa kamati ya wafugaji mtu alishindwa kwa sababu mpinzani wake alisimama akasema, huyu amedubula farasi mara tatu, atatuongozaje. Waliomaliza ya sita walipewa diploma iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri uliochongwa kwenye nusu ya kiazi. Nilizoziona mimi zilikuwa zimetundikwa sebuleni, kando ya picha ya Familia Takatifu, na katika nyumba moja ilikuwa juu yake.

Nyumba hiyo ilikuwa ya kiongozi wa kwaya, baba yake Furaha. Na mimi nilikuwa nataka kumwoa Furaha.

Kazi yangu ni kutengeneza fromaji, yaani jibini, zile za mviringo za Masisi ambazo watu wa mjini wanazipenda. Nilikuwa na mahali pa kukaa, nilikuwa na ng'ombe wa kutosha, sikuwa mlevi. Furaha alikubali bila kunisumbua. Lakini baba yake aliponiita, hakuniuliza habari ya ng'ombe. Aliniuliza niko filamu ya ngapi. Nikamwambia ya tatu. Akauliza kwa mara ya ngapi. Nikatazama viatu vyangu. Alikohoa kidogo, akasema hana ubaya na mimi, ila binti yake amemaliza ya sita na diploma anayo, na hawezi kumtoa kwa mtu aliyekwama chini. Nimalize ya tatu, basi, nije.

Ya tatu ni filamu ya mjane. Anakaa peke yake kwenye nyumba ya jiwe, na kila juma mtu wa posta anamletea barua. Mtu wa posta anakaa, anapewa kahawa, wanaongea habari za baridi na bei ya unga. Anaondoka. Juma lingine anarudi. Ndivyo filamu ilivyo, karibu saa mbili. Mwishoni anakuja na barua nyingine. Mjane anaipokea, anaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua, anamwambia apite tena juma lijalo. Anaingia ndani. Mwisho.

Na swali langu, kila Jumapili, lilikuwa lilelile. Wengine aliwauliza mjane ana kuku wangapi, au nyumba ina madirisha mangapi, wakajibu, magoti yakavutwa. Mimi nilipofika mlangoni alinitazama juu ya miwani yake, akaniuliza kwa upole wa kukutia hofu:

"Juu ya nini ule mama hakufungula barua?"

Nilimjibu kwamba hakujua kusoma. Akanionyesha ufagio. Jumapili nyingine nilisema kwamba aliijua habari iliyomo. Ufagio. Nilisema ni barua ya kodi. Nilisema mikono ilikuwa na unga. Nilisema alitaka kuisoma pamoja na chakula. Nilisema, siku moja nikiwa nimechoka na maisha, kwamba wazungu wana tabia zao. Siku hiyo alinipa na dirisha nilisafishe. Nilikuwa nafagia saa kumi ikifika, na watu wa juu wakaanza kuingia, na Furaha akapita mbele yangu na nguo zake za Jumapili akaniambia pole na kazi. Mwanamume anayefagia mbele ya mchumba wake amekiona cha mtema kuni.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Nilichukua fromaji moja nzima, ile iliyokomaa vizuri, nikaifunga kwa jani la mgomba nikampelekea nyumbani Jumamosi. Aliipokea kwa mikono miwili. Alikata kipande, akala taratibu, akakata kingine. Aliniuliza maziwa ni ya malisho ya upande gani. Nikajua mambo yamekwisha. Kesho yake mlangoni nikajibu nilivyoweza, nikamtabasamia.

"Fromaji iko muzuri sana," alisema. "Jibu njo haiko muzuri."

Hakurudisha hata kipande. Nilifagia nikiwa na hasira mpaka vumbi likamfikia yeye mlangoni, akapiga chafya, akaniambia nifagie kwa akili. Siku nyingine nilimkabili waziwazi. Nilimwambia kwamba wenzangu anawauliza kuku, mimi ananiuliza moyo wa mjane, na hiyo si haki. Alijibu kwamba kila mtu na swali yake. Lilikuwa neno lake la kawaida. Neno lake lingine lilikuwa kwamba filamu haina haraka, wewe njo uko na haraka, yaani wewe ndiye mwenye haraka. Alikuwa na mengine mengi, na mengi hayakuwa na maana yoyote, lakini alivyoyasema ulitikisa kichwa ukajiona umefundishwa.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Buleusa, huko Walikale. Alisafiri siku mbili, kwa miguu na kwa pikipiki, na nyama ya kukausha na mafuta ya mawese, ili awe upande wangu kwenye kikao cha mahari, ambacho wazee wetu walikiomba bila kungoja filamu. Shangazi hajawahi kuona sinema maishani mwake. Tulikaa kwa baba yake Furaha Jumamosi asubuhi, wazee wao huku, wetu kule, maziwa yamechemshwa katikati. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kiongozi wa kwaya akakohoa kile kikohozi chake, akasema kijana hana kasoro, kasoro ni filamu ya tatu.

Shangazi akaomba aelezwe. Akaelezwa: mjane, mtu wa posta, barua, aproni, swali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Na weye Papa, ile swali uliijibia namna gani?"

Kiongozi wa kwaya alisema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye aliulizwa habari ya kuku.

"Basi jibu sasa. Tuko hapa."

Mzee alijaribu. Alisema mjane aliogopa habari mbaya. Mdogo wake akamkatiza: hapana, ni kiburi, wanawake wa namna ile anawafahamu. Mzee wa upande wetu, ambaye naye alikuwa hajaiona filamu, alisema barua imetoka kwa mume, hakufa, alikimbia. Wakamwuliza amejuaje. Akasema inaonekana. Mtu mmoja akauliza huyo mtu wa posta ni wa ukoo gani. Wakasahau mahari. Wakasahau maziwa, yakapoa yakafanya ngozi juu. Furaha na mimi tulikuwa tumekaa pande mbili za chumba tunatazamana, na yeye alikuwa ameuma kitambaa chake asicheke. Jua likaanza kuondoka mlangoni. Hapo shangazi akapiga kiganja chini.

"Nyinyi wote mumedubula," alisema. "Sasa huyu mutoto wenu ataolewa na nani?"

Kiongozi wa kwaya akaagiza maziwa yapashwe moto, tukarudi kwenye mahari. Tulifunga ndoa kabla ya mavuno ya maharagwe.

Madamu alikuja arusini, na bahasha. Mpangaji wa sherehe alidhani ni zawadi, akaifungua mbele ya watu wote, akasoma kwa sauti kubwa. Ilikuwa buletini yangu. Usafi, muzuri. Adabu, muzuri sana. Filamu ya tatu, arudie. Wageni walicheka mpaka wapiga ngoma wakaacha. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni iliniuma, na ndiyo sababu Jumapili iliyofuata, mtu mpya wa ndoa, nilikuwa benchi la mbele saa nane. Nilijiapiza sitakufa nikiwa mtu wa ya tatu. Mke wangu alibaki nyumbani na diploma yake. Nilimwomba mara nyingi anisimulie ya nne, ya nne tu, akakataa kabisa. Alisema ni kuiba mtihani.

Sasa nikikumbuka, naona jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Mabenchi yalikuwa yanapungua. Aliyepata diploma hakurudi tena. Arudi kufanya nini? Filamu sita ameziona, swali amejibu, muhuri wa kiazi anao. Kiongozi wa kwaya hakurudi. Wachungaji wa ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, walijibu, wakavutiwa magoti, wakaenda zao milimani. Saa kumi ilikuwa ya kwanza kufa. Kisha saa nane tukawa watu wanane, tukawa wanne. Miezi ya mwisho tulikuwa mimi na mzee mmoja aliyekuja kulala. Madamu aliweka mablanketi madirishani vilevile, akaandika ubaoni "Filamu ya tatu", akasimama mbele kutueleza masharti ya ukumbi kama tuko mia moja. Na mwisho alihamisha kiti chake mpaka mlangoni.

Halafu vita vikatufikia, tukatawanyika. Siku ya kukimbia kila mtu alibeba alichoona hawezi kukiacha, na Madamu alionekana njiani na kopo la biskuti kichwani, sufuria zote ameziacha. Sisi tulikaa mbali kwa muda, tukarudi, tukaanza tena na ng'ombe watatu. Ukumbi ulibaki bila bati. Yeye hakurudi.

Mwaka huu ndipo nilipoanza kupeleka fromaji Kirotshe, kando ya ziwa. Mama mmoja mnunuzi wangu aliniambia kuna mwalimu mzee kutoka kwetu, anakaa kwa binti wa dada yake karibu na hospitali, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anangoja kutibiwa. Nilimwuliza ni mwalimu wa namna gani. Akasema ni mkali. Nikachukua fromaji moja, nikaenda. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa.

Alikuwa barazani kwenye kiti cha mbao, amekuwa mdogo sana, nguo imemzidi. Macho yalikuwa na ukungu mweupe. Nilisimama mbele yake nikiwa sijui nianzeje. Alinusa.

"Fromaji," alisema. "Ketia."

Niliketi. Hakuniuliza habari ya mke wala watoto. Aliuliza ni saa ngapi, nikamwambia inakaribia saa nane, akasema basi tuanze. Diski zilikuwa ndani, kwenye kopo lao, lakini projekta haikuwepo, na hata ingekuwepo asingeiona. Alianza kuisimulia kwa kichwa. Nyumba ya jiwe, kuku, kahawa. Alifanya sauti ya mjane, akafanya ya mtu wa posta, akafanya mpaka mlio wa mlango. Binti wa dada yake alipita na ndoo akanitazama kwa macho ya kunishukuru, na baadaye jikoni aliniambia kwamba mwanzoni majirani walikuja kusikiliza, wakasikia zote sita, wakaacha. Siku hizi Jumapili anakaa tu.

Nilirudi barazani. Nilikuwa na hasira yangu ya miaka yote, na kumwona hivyo kulinichanganya, lakini niliitoa. Nilimwambia, Madamu, nilikuwa napenda mtu, baba yake akaninyima kwa sababu yako. Nilikufanyia nini mpaka ukanifelisha vile?

Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kiti.

"Ulijibuka muzuri," alisema. "Siku ya mbili tu. Jibu muzuri kabisa."

Siku ya pili! Nilifagia ukumbi ule mvua mbili na kiangazi kimoja.

Nilimwuliza nilijibu nini siku ile, maana majibu yangu yalikuwa mengi. Alitikisa kichwa, akasema hakumbuki tena, anakumbuka tu kwamba lilikuwa zuri na kwamba aliogopa.

"Wote wenye walipita, hawakurudia," alisema. "Nikasema, huyu naye ataenda. Siku ya Mungu nitabakia na nani?"

Nilitaka kukasirika zaidi, haki nilikuwa nayo. Sikuweza. Nililia kidogo, na nilishukuru haoni. Yeye alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema jiko la huyu mtoto lina moshi sana.

Kisha alijinyoosha kwenye kiti. Akaweka magoti sawa. Alisema leo hataniibia, na atanipa swali langu kwa mara ya mwisho, nikijibu nimepita, na diploma atamwamuru huyu binti aiandike. Akauliza, kwa ule upole wake:

"Juu ya nini ule mama hakufungula barua?"

Na safari hii nililiona jibu, wazi, jepesi, mtoto angeliona. Barua ikishafunguliwa, mtu wa posta hana sababu ya kurudi. Lilikuwa kwenye ulimi. Nikakumbuka miaka yote hiyo, buletini ya arusini, mzee wa kwaya na kikohozi chake, filamu ya nne niliyoisikia ukutani tu.

"Naona haikuwa yake, Madamu," nikasema. "Ilikuwa ya jirani. Walikosea nyumba."

Uso wake haukusogea, na kwa kitambo nilidhani amesinzia. Halafu akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata ufagio uliokuwa umeegemea ukuta, akanipa.

"Siku ya Mungu, saa nane," alisema. "Usichelewe."